Kusuka Upya

Usicheke nikisema pikapu.
Siyo ile ya kubeba nyanya kutoka Ilula.
Hii hukaa chini ya nyuzi nne za besi,
sumaku na shaba nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
na kazi yake ni kusikia.

Wa rika langu walisuka nywele.
Mimi, binti wa Kondo, nilisuka mota:
feni, pampu, mashine za kukoboa,
hapa hapa Gerezani, meza hii hii iliyoungua pembeni.
Ndiyo maana Ngwandumi alielekezwa kwangu
na gitaa la marehemu mjomba wake,
limeviringishwa kwenye shuka,
la Kijapani, zito kama mlango,
rangi imebanduka pale kiwiko kilipoegemea
miaka ishirini ya dansi.

"Mama Kuruthumu, linanguruma hata nisipoligusa.
Ng'oa hizi za kale. Weka hizi."
Akatoa boksi linalonuka plastiki.
Aliuza simu kuzipata.

Nikafungua. Skrubu moja ilikuwa na kutu, ikakatika kichwa.
Nikamtukana aliyeikaza,
kisha nikaomba radhi,
maana huenda naye ni marehemu.

Ndani: karatasi za kung'aa za paketi za sigara,
zimebandikwa kwa gundi ya viatu ukuta mzima,
makelele yasipenye.
Na pikapu ya shingoni haikuwa ya Japani.
Waya wake mwekundu ulioiva, waya wa feni.
Mtu aliisuka kwa mkono, mizunguko elfu kadhaa,
akapotewa na hesabu, akaanza tena.
Chini yake, kwa penseli:
Nimeisuka usiku. Umeme umekatika mara tatu.
Ijumaa kuna dansi.
Jina hakuandika.

Nikapima. Omu elfu sita na ushei. Bado hai.

"Mwenzangu, la asili lilikufa kabla hujazaliwa.
Hiyo sauti ya mjomba unayoikumbuka
ni kiraka."

Nikamweleza na kunguruma.
Koili moja peke yake haina adabu:
inasikia nyuzi, inasikia friji ya Mangi dukani,
taa za tyubu, mashine ya kuchomelea ya jirani,
Dar nzima inayopita kwenye nyaya.
Hizo zako mpya ni koili mbili mbili,
zimegeuziana migongo kama wake wenza:
analosema huyu, yule analikana,
kelele inafia katikati, wimbo unabaki.
Safi.
Safi mno, labda.

Hakujibu. Alikuwa anakula mihogo yangu
bila kukaribishwa.

Tukaweka moja mpya, kule nyuma karibu na daraja.
Ilinibidi nipanue tundu kwa patasi, milimita tatu.
Mbao ya miaka hamsini ikishachongwa hairudi.
Nikachonga hivyo hivyo.
Ya shingoni sikuitoa.
Niliichovya kwenye nta ya mishumaa isije ikapiga mluzi,
nikairudisha na penseli yake.
Swichi ndogo niling'oa kwenye redio mbovu:
juu, sikia kila kitu,
chini, sikia wimbo tu.

Elfu arobaini, nikasema.
Akatoa ishirini na saba, na ahadi.

Jumamosi nilipita Buguruni nikielekea msibani.
Besi ilinifika kabla ya gitaa lolote,
kupitia ukuta, kupitia lami, kupitia kandambili zangu.
Sikuwa na shaka ni nani.
Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, wakanyamaza,
na hapo, kati ya wimbo na wimbo,
mmmm.

Swichi iko juu.
Mshenzi yule, elfu kumi na tatu zangu hajaleta,
nami nimesimama mtaroni na kanga ya kilio,
nasikiliza friji ya baa
mpaka wenzangu wakanivuta mkono.