Aliamuru, Aliomba

Bwana Thakur anatufundisha ghorofani, juu ya duka la mbolea,
watu arobaini, feni moja, Julai ya Darbhanga.
Anaandika Kiingereza chake chenye miguu mirefu:
sentensi ya kwanza imevaa alama za mtajo,
ya pili imevuliwa.

"Ukiyatoa maneno kinywani mwa mwenyewe," anasema,
"kila kitu kinarudi nyuma hatua moja.
Leo inakuwa siku ile. Hapa panakuwa pale.
Kesho inakuwa siku iliyofuata,
na mimi, jamani, mimi anakuwa yeye."

Raghvendra anauliza kama hili hutoka kwenye mtihani.
Mimi nimelaza kalamu.
Kazi hii naifanya tangu nina miaka sita.

Kwetu kuna ukuta katikati ya ua.
Baba na Baba Mkubwa waliujenga kwa matofali ya kuchangiana,
jambo la mwisho walilofanya pamoja.
Bomba la maji likabaki kwao,
mfenesi ukabaki kwetu. Mizizi haikuulizwa.
Miaka kumi na mmoja hawasemezani,
lakini hata waliogombana hushikwa na kiu.

"Kamwambie yule mtu," Baba hufoka,
"bomba si la baba yake peke yake!"
Kweli tupu: baba yao ni mmoja.
Nauzunguka ukuta, hatua ishirini na mbili,
na humo njiani nageuza kila kinachogeuzika.
"Baba ameomba, kama hutojali, tuchote kabla ya saa mbili."
Baba Mkubwa hutema tambuu.
"Mwambie achote mpaka azame."
Narudi:
"Amesema tuchote tu. Maji ya leo ni baridi."

Ndivyo tulivyokunywa.
Ndivyo mafenesi yalivyovuka, yamefungwa gazeti,
na salamu nilizozitunga mwenyewe.

Jana karatasi zikarudi. Swali la saba:
kapteni aliwaambia askari, "Simameni!"
Nami nilikuwa nimeandika: aliwaomba wasimame.
Sifuri nyekundu, mviringo kama mdomo wa ndoo.
"Nutan, hii ni amri.
Mpeleka maneno hana ruhusa ya kuyalainisha."
Nikasema ndiyo, mwalimu.
Alisema ndiyo. Alikubali kwamba alikuwa amekosea.

Usiku umeme ukakatika.
Nilikuwa kwao, nashika ndoo,
Baba Mkubwa akaniuliza gizani:
"Lile fenesi la juzi. Alisemaje hasa?
Usinifupishie, usinipambie.
Nataka maneno yenyewe, yalivyotoka."

Nikapekua. Salamu zangu zote zilikuwa nzuri,
na hakuna hata moja iliyokuwa na sauti ya mtu.
Basi nikafungua alama za mtajo:
"Alisema, 'Litaoza hili na linanuka, lipeleke huko
kwa yule mzee asiyejua kununua matunda.'"

Kimya. Tone moja la bomba, jingine.
Kisha Baba Mkubwa akacheka,
akacheka mpaka akashika mpini wa bomba asianguke.
"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo huyo.
Nilidhani walinibadilishia mtu."

Upande wa pili kitanda cha kamba kikalia.
"Nutan! Anacheka nini huyo?"

Nikainua mguu kuanza zile hatua ishirini na mbili,
nikaushusha.
Ukuta wenyewe unafika begani tu,
na swali lilikuwa limeshavuka.