Mita Elfu Kumi

Mashine ya boti ya wagonjwa ilikufa tangu masika.
Kule kisiwani mwenye uchungu anavushwa kwa kasia.
Tukasema tutakimbia huku nchi kavu
ili boti nayo ikimbie majini.
Tukakaa vikao vinne,
na soda za kamati zikanywa robo ya michango.

Ndipo Lushinge, fundi baiskeli wa Pasiansi,
ambaye hata mjumbe si mjumbe,
alikuja kumdai katibu hela ya pancha,
akasimama mlangoni, akasema:
Kwa nini msiiuze barabara yenyewe?

Tukacheka.
Halafu tukanyamaza.

Kirumba hadi uwanja wa ndege,
tukizungukia Bwiru ili hesabu itimie,
ni mita elfu kumi.
Kila mita shilingi mia tano.
Mimi mweka hazina nikanunua daftari kubwa,
nikapanga namba moja chini ya nyingine
mpaka kidole cha kati kikaota sugu.

Mita ya kwanza tuliipiga mnada Mwaloni,
katikati ya magunia ya dagaa.
Bi Nyanzobe akapandisha dau ili amkomoe wifi yake,
akaipata kwa elfu arobaini.
Wifi akanunua ya pili, ya tatu na ya nne,
amzibie njia.
Wivu nao ni mchango. Nikaukatia risiti.

Kinyozi Magesa hakuwa na akiba,
ila ana mdomo, Kitangiri nzima inaujua.
Akatangaza: kunyoa bei ni ileile,
ongeza elfu moja nisizungumzie mpira.
Siku tatu alinyoa kimya, jasho likimtoka puani.
Siku ya nne wateja walimwonea huruma,
wakalipa elfu mbili ili aseme.

Mchungaji alichukua mlima wa Bwiru wote, kwa mkopo.
Watoto wa darasa la tano walichanga mia mia,
watu watano mita moja,
wakagombana nani atapewa upande wenye kivuli.
Na kwa kuwa mji huu Mungu aliumwagia mawe,
tukauza na mawe:
lipake chokaa, andika jina lako,
liweke kando ya mita yako, lishangilie badala yako.

Jioni moja, nikiwa nafunga daftari,
alikuja Kwandu, mkaanga sambusa.
Akafungua fundo la kanga.
Nataka ile ya mbele ya duka la saruji, akasema.
Nikahesabu: elfu sita mia mbili na kumi na mbili.
Nikamwambia, kwa utani wangu wa kibiashara,
pale pana jua kali, dada, nikupe ya kwenye mwarobaini?
Akasema: Pale ndipo simu ya kisiwani ilinikuta.
Mdogo wangu. Walikuwa bado wanapiga kasia.

Sikuuliza tena.
Niliandika: 6,212. Kwandu. Imelipwa.
Kalamu ikagoma, nikaandika mara ya pili.

Siku ya mbio nilikuwa wa mwisho,
daftari kwapani, kitambi mbele.
Walioshinda sikuwaona hata kisogo.
Nilichokiona ni mawe meupe yenye majina,
lingine limeandikwa *Magesa sema basi*,
na mbele ya duka la saruji
Kwandu na ndoo, na kikombe kimoja cha bati,
akimpa maji kila anayepita
bila kumtazama usoni.
Alikuwa anatazama lami.
Nilipofika nilitembea.
Mita moja tu. Halafu nikaendelea kukimbia.

Sasa hesabu, maana kazi yangu ni hesabu.
Mchungaji bado anadaiwa mlima.
Mashine tumeiona dukani, tumeishika, tumeirudisha.
Zimebaki mita mia tatu na kumi na nane,
nyingine zina mashimo, sikufichi,
moja ina mfereji unaonuka.
Kukimbia tumeshazikimbia sisi.
Wewe nunua tu.
Daftari ninalo hapa.