Kikuza Kinachojijibu

Hakuna kilichounganishwa mlangoni.
Nimeuziba kwa kipande cha waya,
nimemwomba fundi cherehani wa jirani azime redio,
akazima huku amenuna,
na bado kioo kinachora milima,
milima sawasawa kama meno ya kitana,
milioni arobaini kwa sekunde.

Kiusa, saa nane mchana.
Mlima wenyewe umejifunika tangu asubuhi.
Mwalimu Ndetaramo wa Kidia anataka kisanduku chake Ijumaa:
kisikie radi za Upareni kabla hazijafika,
wanafunzi wazihesabu.
"Kikuze mara elfu kumi," aliniambia.
Nimekuza. Sasa kinasikia hata pumzi yake chenyewe.

Anasia, anayejifunza kwangu, anauliza:
"Dada Aikande, nani anaongea humo ndani?"
Ningejua, ningekuwa nimeshakula.

Tunamsaka mwizi kwa kufunga vyumba.
Umeme wa nguzo kwanza: nachomoa, nafunga betri ya pikipiki.
Kinaimba.
Hatua ya tatu, nakata. Kinaimba kwa chini.
Ya pili, nakata. Kimya.
Narudisha. Kinaimba.
Nafunika mfuniko wa bati, na hapo ndipo kinapiga vigelegele.
Wanasema debe tupu haliachi kutika.
Hili limejaa, na linatika kwa kujaa.

Napeleka kidole karibu na transista ya kwanza,
sijagusa, karibu tu,
milima inalala.
Naondoa kidole, inaamka.
Siwezi kumuuzia Mwalimu kisanduku pamoja na kidole changu.

Ndipo nautazama waya mweusi.
Njia moja ya kurudia, nyembamba, ndefu,
niliyoinyoosha kwa rula nikajisifu.
Humo wanapita wabeba magunia wa mlango wa kutokea,
humo humo mtoto aliyetumwa yai.
Kila gunia likipita, ardhi inatikisika,
mtoto anadhani ameitwa,
anaitika,
na kuitika kwake kunakuzwa mara elfu kumi,
kunakuwa gunia.

Simu inawaka mezani. Kaka Eliawony.
Siipokei.
Mwezi wa tatu nilisema neno kuhusu mpaka wa kihamba,
neno moja, tena kwa sauti ya jikoni.
Likapita kwa shangazi, likapita kwa mke wa baba mdogo,
likazunguka soko la Himo,
likanirudia limebeba panga na jembe
nami sikulitambua.
Nikalijibu.

"Dada?"
"Lete mkasi wa waya."

Miguu ya kapasita ilikuwa mirefu kama ya korongo;
naikata mpaka tumbo linagusa bati.
Waya mweusi naung'oa.
Wabeba magunia nawapa barabara yao,
mtoto wa yai kichochoro chake,
wakutane mahali pamoja tu, kwenye mguu wa betri.
Ukuta wa bati katikati, lehemu pande zote, moshi machoni.
Mlangoni naweka rezista ndogo, omu arobaini na saba,
mlinzi asiyemzuia mtu,
anayemwambia kila anayepita: polepole.
Ukuzaji naupunguza. Elfu sita zinatosha.
Mwalimu atalalamika; radi hazitalalamika.

Nawasha.

Mstari.
Si laini kabisa, una manyoya kama blanketi la zamani,
lakini hauimbi.
Nafunika bati. Hauimbi.
Anasia anataka kupiga makofi, namzuia kwa mkono,
mazoea tu.

Naufungua mlango, naning'iniza antena dirishani.
Dakika nne, hakuna kitu.
Cherehani ya jirani inapita kwenye kioo kama sisimizi.
Kisha, ghafla, mwiba.
Mmoja, mwembamba, umeshaondoka.
Nje jua linawaka juu ya mabati ya Kiusa,
hakuna ngurumo, hakuna hata upepo.
"Upareni," anasema Anasia, kana kwamba ameona,
na anaandika kwa penseli:
saa kumi na dakika mbili, moja.

Simu imezimika. Imeandika: mara tatu.
Naigeuza kifudifudi,
nangojea mwiba wa pili.