Neti Kumi na Nane, Pazia Kumi na Mbili

Huku Senja, mwezi wa sita,
saa sita ya usiku na saa sita ya mchana ni pacha.
Usipojua umeamka lini
hujui ni yupi amesimama mlangoni.
Kwa hiyo pazia la dirisha la kitandani
si pambo, Wiebren. Ni usiku wenyewe,
umeviringishwa kwenye bomba la alumini
unangoja kuvutwa.

Pazia hupanda kutoka chini, neti hushuka kutoka juu,
katikati hushikana kwa kibanio.
Kila mmoja anamvuta mwenzake
na hapo ndipo utulivu wao.
Lakini neti imelegea. Pazia linaiburura,
juu pamebaki upenyo wa vidole viwili
na jua limelala machoni pako
siku ya nne leo.

Zamani ungeliweka sawa kabla chai haijapoa.
Wewe uliyenyanyua daraja la Lemmer miaka thelathini,
ukijua uzito gani unataka uzito gani.
Tangu Februari mkono wa kulia
unakaa mapajani kama mgeni.

Nimefungua skrubu nne, nikaziweka kwenye kisosi.
Ndani ya mlango wa kabati, kwa penseli, mwandiko wako:
*Neti 18. Pazia 12. Usitie mafuta, yanashika vumbi.
Hiske, usizidishe.*
Jina langu limepigiwa mstari. Asante.

Ncha ya springi ni bapa, nyembamba;
bisibisi inateleza, nimechukua uma wa kiamsha kinywa,
nimeikamata katikati ya meno yake.
Mimi nazungusha, wewe hesabu.
Moja. Mbili. Unahesabu vizuri.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Kumi na moja.
Arobaini.
Nimekutazama, na uma ukaniponyoka:
*khrrrrr*, mizunguko yote imerudi ilikotoka,
na nyinyi wawili, wewe na springi,
mmenikodolea macho.

Haya, upya.

Safari hii tumehesabu kwa kugonga.
Wewe unagonga meza kwa mkono wa kushoto,
mimi nahesabu kimoyomoyo, silisemi neno.
Kumi na nane. Nimerudisha bomba kwenye vishikio,
nimevuta, nimebana:
upenyo upo bado. Mwembamba, lakini upo.

Springi imezeeka. Nani hajazeeka?
Nimeitoa tena, nikaongeza mmoja
(usizidishe), nikaongeza wa pili,
nimeiachia kidogo tu na neti imepaa
*pwaa!* ikanivua miwani,
nawe ukacheka, Wiebren,
kile kicheko cha zamani, cha puani,
hadi Mfini wa hema la jirani akachungulia
akauliza kama tuko salama.
Tuko salama.

Sasa nimefunga. Pazia juu, neti chini,
wamekutana, hakuna anayemshinda mwenziwe.
Giza. Giza la kweli, la kwetu,
lenye harufu ya kahawa na viatu vilivyolowa.
Nimejilaza ubavuni pako.
Nilidhani umeshasinzia, ndipo ukasema,
polepole, kila silabi mahali pake:
"Ishirini."

Ishirini. Inafaa niandike mlangoni, chini ya mwandiko wako.
Lakini sijui penseli iko wapi,
na kuitafuta ni mpaka nifungue pazia.
Itangoja asubuhi,
kama huku ipo.