Mkoba Unaopungua

Mkeka uko sebuleni, Pangani, usiku wa Ijumaa,
na juu yake kila nilichodhani nakihitaji porini.
Kesho kivuko cha alfajiri, kisha Bweni, kisha Mkwaja,
kisha miguu.

Mwajabu ameshika orodha ya askari Semhando,
imeandikwa nyuma ya risiti ya unga.
Anaisoma kama hakimu anayesoma shitaka.
"Maji, lita tatu kila mtu."
Yapo.
"Filimbi. Kofia. Bandeji ndefu ya nyoka."
Zipo. Bandeji nimeifanyia mazoezi
kwenye mguu wa meza, na meza haikulalamika.
"Nguo za rangi ya majani makavu."
Hapo mwanangu ananitazama.
Fulana yangu ya Coastal, jekundu la kuitwa mbali,
inarudi kabatini. Suruali ya buluu nayo:
mbung'o wataipenda kuliko ninavyoipenda mimi.

Redio itoke.
Marashi yatoke; upepo ukigeuka,
nyati atakujua kabla hujamjua.
Biskuti zivuliwe nailoni zao
ziingie kopo la maziwa, zikae uchi humo.
Buti zibaki. Nimezivaa wiki nzima,
sokoni, hitimani, hadi mlango wa msikiti,
watu wakiniuliza nimeajiriwa na nani.
Malengelenge nimeyamalizia mjini.

Kimebaki kizibo.

Kizibo chekundu cha soda, peke yake kwenye pindo la mkeka.
Mwaka juzi nilidondosha kama hiki, kule.
Miaka miwili nasema *nilidondosha*.
Mwaka jana Semhando alinyoosha kiganja,
na ndani yake hiki, ukingo umetafunwa.
"Nimekitoa kwenye mavi ya tembo," akasema.
"Hiki kilipita. Vingine havipiti."
Huenda si changu. Vizibo vyekundu ni vingi duniani.
Lakini mkono wangu ulikwenda ukakipokea
kabla mdomo haujapata la kusema.
Kesho kitakaa mfukoni, kinichome paja
nikitaka kuachia chochote, hata ganda la chungwa.

"Baba, na karatasi ya Bi Sijali?"
Naandika: majina mawili, kutoka lango la Mkwaja,
njia ya bwawani, kwenda na kurudi njia hiyohiyo.
*Saa kumi kimya, mpigie Semhando.
Saa kumi na mbili kimya, wapigie wote.*
Bi Sijali anaisoma chini ya taa ya uani,
miwani kwenye ncha ya pua.
"Mnaniachia wosia?"
"Hapana, Bibi. Tunaaga."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Naye alikuwepo mwaka ule mjomba wangu Kopwe
alipotoka kukata fito akisema "sasa hivi tu,"
na kijiji kikamtafuta siku tatu
upande ambao hakwenda.
Karatasi ameikunja mara nne, ameifunga kwenye ncha ya kanga
anapofungaga pesa.

Nanyanyua mkoba. Mwepesi, nusu ya jioni.
Mwajabu anaufungua tena, anatia kitu cha mwisho:
mfuko wa sandarusi, mtupu.
"Huu ndio utakaorudi umeshiba."

Halafu hataki kulala.
Semhando amemwambia wakifuatana mmojammoja
juu ya njia iliyokwisha kukanyagwa,
nyasi za pembeni hazitajua kuwa mtu alipita.
Kwa hiyo tunajaribu, kutoka sebuleni hadi jikoni,
mimi mbele, yeye nyuma, peku,
akiweka wayo wake mdogo
palepale sakafu ilipo na joto langu.
Nikisimama, asimame. Nikiinua mkono, anyamaze.
Tumezima taa.
Mpaka sasa hatujagonga kitu.