Nyuzi Thelathini na Mbili

Mara ya kwanza nililaumu rula.
Sketi ya shule, ya bluu, pindo limeshuka kulia
kama mtu anayechungulia kisimani.
Nikafumua, nikapima, nikashona.
Mara ya pili nililaumu cherehani.
Mara ya tatu Aikande alisimama juu ya stuli,
pini nne midomoni mwangu,
nikaona kwamba kitambaa hakina kosa.

Inama, nikamwambia, kama unaokota chaki.
Akainama.
Mbavu za kulia zikanyanyuka
kama mkate ulioumuka upande mmoja.
Sikulia. Nilikuwa na pini mdomoni.

Nyuzi thelathini na mbili, alisema daktari
akiinua eksirei dirishani.
Na mimi, miaka ishirini hapa Kiboriloni nikiishi kwa nyuzi,
sikujua hizi ni nyuzi gani zisizoshona.

Jirani akasema ni mkoba wa vitabu.
Wifi yangu akasema nilimbeba vibaya kwenye mbeleko.
Daktari alisema hakuna aliyekosea,
na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliamini.

Fundi Temba alimzungushia plasta mbichi kiwiliwili.
Nilimtazama kama fundi anavyomtazama fundi:
mikono haina haraka.
Wiki ya tatu akatoa kizibao cha plastiki nyeupe,
mikanda mitatu, bila kola, bila kifungo,
kulia kinasukuma,
kushoto kimeachwa uwazi wa ngumi nzima.
Huku umekata vibaya, nikamwambia.
Akacheka. Huku, mama, ni pa pumzi.

Basi kila jioni, saa kumi na moja,
kizibao kinavuliwa, mkeka unatandikwa
katikati ya vipande vya vitenge.
Analala chali, kifuko cha mchele chini ya mbavu za kulia,
anajirefusha kama anayetaka kuona ng'ambo ya uzio.
Naanyu wa mazoezi ametufundisha:
vuta pumzi, lakini si popote,
ipeleke kushoto, nyuma, pale palipobonyea.
Kiganja changu kinangoja hapo.
Siku tisa, hakuna kitu.
Siku ya kumi kiganja kikasukumwa,
kidogo tu,
kama aliponipiga teke la kwanza tumboni.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Hawasemi namna ya kumkunjua.

Saa ishirini kwa siku. Na Februari ya Moshi unaijua.
Fulana ya ndani inalowa kabla ya kengele ya kwanza.
Shuleni wanakariri: kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.
Mama, akaniuliza, na taifa limepigwa eksirei?

Siku moja alikificha nyuma ya gunia la mahindi,
akaenda shule mwepesi.
Sikumchapa.
Nilikifuta jasho, nikajaribu kukivaa mwenyewe.
Mikanda haikufika.
Nikaishikilia kwa mkono mmoja,
kwa mkono mwingine nikashona kola ya mtu,
na kila pumzi niliyovuta iligonga ukuta
isipokuwa upande ule mmoja.
Alinikuta hivyo.
Alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akasimama, akainua mikono nimvishe.

Eksirei ya mwaka huu: ishirini na tisa.
Haujanyooka, alisema daktari, lakini umetii.
Bado miaka miwili, mpaka mifupa ifunge.
Tulirudi kwa miguu, hakuna aliyesema neno
hadi kwenye mfereji wa babu yake,
ule unaopinda mara saba shambani,
akaruka, kizibao kikalia ko! kama mlango.

Usiku nimekata sketi mpya.
Nimeacha vidole viwili vya kukua.
Na kushoto, kwenye pindo, nimeongeza kidole kimoja,
mwaka jana vilikuwa viwili.
Akisimama, litakaa sawa.
Sindano inajua. Mimi najua.
Yeye amelala, mikanda imefungwa,
upande wa kushoto unapanda, unashuka.