Siki

Siki naijua. Miaka kumi na tisa
nauza matango ya siki sokoni Dorohoi,
mikono inanuka hata asubuhi ya Pasaka.
Kwa hiyo Daktari Hriscu aliposema,
"Sasa nitapaka siki kidogo,"
nilicheka, miguu juu, soksi za sufi sijazivua.

Akapaka. Akasubiri dakika moja.
Palipo pazima, alisema, hubaki na waridi lake;
palipoharibika hugeuka peupe.
Akaigeuza skrini nione.
Peupe palikuwa pengi,
kama theluji ya Aprili nyuma ya ghala,
ile isiyotaka kuyeyuka.

Damu ilianza tangu mavuno ya viazi.
Nikasema ni umri. Nikasema ni mapipa, nayainua vibaya.
Pamba nilizificha nyuma ya mitungi.
Mficha uchi hazai, watu husema.
Mimi niliufichua
nikaambiwa sitazaa tena.

Jibu lilikuja kwa barua: hatua ya pili, herufi B.
Nilikuwa nimekwisha kulilia kisu,
kumbe kisu chenyewe hakipo.
"Ingekuwa ndogo, imekaa shingoni tu, ningekata."
Akachora mgongoni mwa bahasha
kitu kama peasi kichwa chini:
hii nyumba, huu mlango,
na mgeni ameshatoka mlangoni, ameegemea ua.
"Huko, kisu kitaacha vipande. Mionzi itamfuata."
Bahasha ninayo bado.

Wiki tano nililala Iași kwa binamu ya Dorel,
kwenye kochi fupi kuliko mimi.
Walinichora nukta tatu za wino nyongani,
mimi niliyemkataza Ilinca kujichora hata ua.
Kila siku nusu lita ya maji, na usiende haja:
kibofu kikijaa, utumbo husogea pembeni.
Basi unalala pale umebana,
mashine inakuzunguka, haikugusi,
na wewe huombi kupona,
unaomba choo.

Jumatatu, dripu.
Dawa ile ina platini ndani yake, aliniambia Paraschiva, muuguzi.
Pete yangu ya ndoa ni fedha iliyopakwa rangi,
leo platini inapita mshipani!
Ikaniachia ladha ya msumari mdomoni
na mlio sikioni, kama birika la jirani.

Kisha mionzi ya ndani, mara nne.
Walinilaza usingizi nusu, wakaweka chuma chembamba
hapohapo mlangoni, wakatoka wote,
wakafunga mlango mnene kama wa benki.
Sauti ya Paraschiva ikatoka ukutani:
"Bibi wa matango, upo?"
Nipo, nikasema. Nani mwingine angekuwepo?

Dorel aliuliza mara moja tu, akimenya viazi:
"Umekipata wapi kirusi hicho?"
Daktari alimjibu kwa simu, nami nasikia:
karibu wote hukutana nacho,
wengi hukifukuza bila kujua,
wachache hulala nacho miaka kumi, kumi na tano,
na hakiachi tarehe.
Dorel akarudi kwenye beseni,
akamenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

Kizazi: neno moja, vitu viwili.
Nyumba ya mtoto, na watoto wenyewe.
Ya kwanza nimeichoma mwenyewe, kwa saini yangu.
Kwa hiyo Ilinca, miaka kumi na miwili,
nilimshika mkono hadi zahanati.
Akalalamika juu ya sindano barabara nzima.
Nikamwacha alalamike.

Alhamisi napiga picha ya miezi mitatu.
Sijui. Usiniulize.
Leo nipo mezani kwangu, baridi inauma vidole,
na Lenuța, mke wa fundi viatu,
anataka nusu kilo, yenye bizari nyingi.
Naweka matango kwenye mizani.
Sindano ya mizani inatikisika, haijatulia.
Namwinamia sikioni:
hizi nimekupimia.
Na wewe, umepimwa lini?